Kupima kasi ya bei ya hisa za kampuni ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na vikundi vya Mtwara na Lindi

Maswali haya nimeyakusanya kutoka vikundi vya kuweka na kuwekeza vya Mtwara mjini, Masasi, Newala, Nachingwea na Lindi. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na ndiye ninayetunza daftari la bei za hisa la kikundi chetu hapa Chikongola, Mtwara mjini. Bei zilizomo kwenye mifano ni za kufundishia tu, hazihusu kampuni yoyote iliyoorodheshwa sokoni.

Mwalimu, kasi ya bei ni kitu gani hasa?

Ni kipimo cha jinsi bei ya hisa ilivyosogea, juu au chini, ndani ya muda uliouchagua mwenyewe. Wachambuzi huiita momentamu. Ukisikia mtu anasema "hisa ile ina kasi", anamaanisha imekuwa ikipanda kwa miezi kadhaa na anatarajia itaendelea kupanda kwa muda. Kipimo hiki hakikuambii kama kampuni inapata faida, wala kama hisa yake ni rahisi au ghali. Kinakuonyesha wanunuzi na wauzaji wamekuwa wakikubaliana bei gani, na makubaliano hayo yanaelekea wapi.

Napigaje hesabu yake?

Chukua bei ya leo, toa bei ya mwanzo wa kipindi, gawanya kwa hiyo bei ya mwanzo, kisha zidisha kwa 100. Hisa iliyokuwa shilingi 500 miezi sita iliyopita na leo ni shilingi 620 imepanda kwa 120. Gawanya 120 kwa 500 upate 0.24, yaani asilimia 24.

Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye madaftari ya wenzangu ni kugawanya kwa bei ya leo. Hapo utapata asilimia 19 na ushee, na jedwali lako lote litapinda. Vipindi vinavyotumika sana ni miezi 3, 6 na 12. Kwa kampuni ndogo, mimi siandiki kabisa kasi ya wiki moja.

Nimeona wengine wanahesabu miezi 12 lakini mwezi wa mwisho wanauacha. Kwa nini?

Kwa sababu bei ina tabia ya kurudi nyuma kidogo baada ya kuruka kwa muda mfupi. Mnunuzi mmoja mwenye haraka anaisukuma juu, akishapata alichotaka inashuka. Kuuacha mwezi wa mwisho kunakuepusha kuihesabu pupa hiyo kama mwelekeo.

Tuseme hisa ilikuwa 400 miezi 12 iliyopita, ikawa 560 mwezi mmoja uliopita, na leo ni 620. Ukihesabu mwaka mzima inatoka asilimia 55. Ukiuacha mwezi wa mwisho inatoka asilimia 40. Mimi naandika zote mbili. Tofauti ikiwa kubwa hivyo, najua kuna jambo la karibuni linalonidai maelezo.

Nani aligundua kwamba hisa iliyopanda huendelea kupanda?

Wafanyabiashara walikuwa wakilisema tangu zamani, lakini kazi inayotajwa zaidi ni ya Narasimhan Jegadeesh na Sheridan Titman, waliyoichapisha mwaka 1993. Walichukua hisa za masoko mawili makubwa ya Marekani kuanzia 1965 hadi 1989, wakazipanga kwa jinsi zilivyofanya miezi iliyotangulia. Zilizokuwa mbele ziliendelea kuzishinda zilizokuwa nyuma, kwa wastani wa karibu asilimia moja kwa mwezi, ndani ya miezi michache iliyofuata. Baadaye faida hiyo ilianza kuyeyuka.

Mambo mawili yashike hapo. Kwanza, ni wastani wa hisa nyingi mno zikiwa pamoja. Hisa moja moja inaweza kufanya lolote. Pili, inahusu miezi, haihusu miaka. Werner De Bondt na Richard Thaler walikuwa wameshaonyesha mwaka 1985 kwamba ukipima kwa miaka mitatu hadi mitano mambo hugeuka: zilizoanguka sana ndizo zilizoelekea kuinuka.

Hayo ni ya Marekani. Yanatuhusu nini sisi wa Soko la Hisa la Dar es Salaam?

Sababu inatuhusu, ila namba zao hazituhusu. Maelezo yanayoaminika zaidi ni kwamba habari husafiri polepole. Kampuni inapata mkataba mzuri, wachache wanajua leo, wengine mwezi ujao, wengine wakisoma hesabu za mwaka. Bei inapanda ngazi kwa ngazi kadiri habari inavyosambaa. Harrison Hong, Terence Lim na Jeremy Stein walionyesha mwaka 2000, kwa hisa za Marekani, kwamba kasi ina nguvu zaidi kwenye kampuni ndogo zisizofuatiliwa na wachambuzi wengi. Lakini waliziweka kando zile ndogo kabisa, ambako mambo hayakwenda hivyo.

Soko letu lilianza biashara mwaka 1998 likiwa na kampuni moja, TOL. Mpaka leo kaunta zake, yaani hisa za kampuni zilizoorodheshwa, ni chache, na nyingi kati ya zile ndogo hazina mchambuzi hata mmoja anayeziandikia mara kwa mara. Habari husafiri polepole kwelikweli. Kwa hiyo mtu anaweza kusema: basi kasi ifanye kazi vizuri huku! Ingefanya, kama bei zenyewe zingekuwa bei. Soma swali linalofuata kwa utulivu.

Shikamoo mwalimu. Hisa yangu imepanda asilimia 24 kwenye ripoti, wewe unasema haijapanda. Inakuwaje?

Marahaba. Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu mtu wa Mtwara au Lindi jibu analo tayari kichwani.

Fikiria tangazo la mnada wa korosho. Likitoka kwenye chama kikuu cha ushirika, liwe la TANECU kwa Tandahimba na Newala, la MAMCU kwa Masasi na Mtwara, au la RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, watu hawaulizi bei peke yake. Wanauliza bei ya juu ilikuwa ngapi, ya chini ngapi, na zimeuzwa tani ngapi. Bei ya juu iliyochukua tani chache na kuacha mzigo umelala ghalani haimfurahishi mtu mwenye stakabadhi ya ghala mfukoni. Sasa mchukue yule anayepita kijijini kununua kangomba, yaani kwa magendo nje ya mnada. Anakubaliana na mkulima mmoja aliyebanwa na mahitaji ya shule ya mtoto, uani, jioni. Hiyo nayo ni bei, maana fedha imetoka na korosho imeondoka. Lakini hakuna katibu wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, atakayeiandika ubaoni kama bei ya korosho ya wilaya.

Kwenye kaunta ndogo za soko la hisa, bei ya kufunga, yaani ya mwisho ya siku, mara nyingi inafanana na ile ya uani kuliko ile ya mnadani. Hisa yako imetoka 500 hadi 620, vizuri. Zimeuzwa ngapi kwa 620? Nikafungua ripoti nikakuta hisa 300. Mara 620, ni shilingi 186,000. Kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, ile ambayo serikali ilinunulia korosho mwaka 2018, hiyo ni thamani ya kilo 56 hivi. Nani atazipima kilo 56 halafu atangaze kwamba korosho imepanda robo?

Kuna tatizo la pili: bei iliyolala. Hisa isipouzwa leo, ripoti inaendelea kuonyesha bei ya mara ya mwisho ilipouzwa. Inaweza kukaa 500 miezi mitatu na ushee, kisha mtu mmoja akanunua kwa 620. Ukichora mchoro unaona ardhi tambarare halafu ukuta. Ukipima kasi ya miezi mitatu jana unapata sifuri, ukipima leo unapata asilimia 24, na kampuni haijabadilika hata chembe. Namba hiyo imekuambia tu siku ambayo mtu alinunua.

Kwa hiyo kabla ya kuhesabu kasi, mimi huhesabu siku. Miezi sita ina siku za soko kama 125. Kaunta iliyouzwa siku 11 kati ya hizo imefanya biashara kwa asilimia 9 tu ya siku. Kanuni ya daftari letu ni kwamba kaunta isiyofikia theluthi moja ya siku haiandikiwi kasi, inawekewa mstari. Theluthi ni chaguo letu wenyewe, kikundi kingine kinaweza kuweka nusu. La muhimu ni kuwa na kikomo kabla hujaiona namba inayokufurahisha.

Baada ya hapo naiacha bei ya kufunga na kutumia bei ya wastani wa mwezi iliyopimwa kwa wingi wa hisa. Jumlisha thamani yote ya mauzo ya mwezi, gawanya kwa idadi ya hisa zilizouzwa. Chukua mfano mwingine: tuseme mwezi huu hisa 4,900 ziliuzwa kwa 540 na hisa 100 za mwisho kwa 620. Thamani yote ni 2,708,000, hisa ni 5,000, wastani ni 541.60. Linganisha na 500 ya miezi sita iliyopita, nayo ikiwa imepatikana kwa njia hiyohiyo: kasi ni asilimia 8.3. Asilimia 24 ya bei ya kufunga hapa ni sauti ya hisa mia moja.

Na mwisho tazama pengo. Mnunuzi wa juu, anayetoa bei kubwa kuliko wenzake, anatoa 540, na muuzaji wa chini, anayetaka bei ndogo kuliko wenzake, anataka 620. Ukinunua leo na kuuza leo umepoteza karibu asilimia 13 kabla ya ada ya dalali. Kasi ya asilimia 8.3 ndani ya pengo la asilimia 13 haimnufaishi mtu. Hata huko Marekani, David Lesmond, Michael Schill na Chunsheng Zhou walionyesha mwaka 2004 kwamba gharama za kununua na kuuza zinaimeza sehemu kubwa ya faida ya kasi, kwa sababu hisa zinazoonyesha kasi kubwa ndizo zilezile zilizo ghali kuziuza na kuzinunua.

Nyinyi wenyewe mmewahi kukosea?

Ndiyo, na aliyekosea ni mimi niliyeshika kalamu.

Msimu mmoja, malipo ya mnada yalipoingia, tulichanga watu 22 na kununua kaunta moja ndogo. Tulimwambia dalali anunue kwa bei yoyote itakayopatikana mpaka fedha iishe. Ndani ya wiki tatu bei ilipanda karibu robo. Nikaiandika kwenye daftari kwa wino mwekundu, kikao kizima kikapiga makofi, na wanachama wanne wakaongeza fedha kwa sababu ya ile namba.

Miezi michache baadaye mwenzetu alipata msiba akahitaji kuuza. Hisa zake zilikaa kwenye foleni ya wauzaji wiki tisa. Zilipopata mtu, ilikuwa chini ya bei aliyonunulia. Usiku ule nilizitoa ripoti za kila siku na karatasi za manunuzi yetu nikaziweka sambamba. Karibu kila siku ambayo bei ilipanda, mnunuzi alikuwa sisi. Ile kasi niliyoiandika kwa wino mwekundu zilikuwa nyayo zetu wenyewe, na mimi nilizifuata nikidhani ni za mtu anayejua njia. Wale wanne bado wananidai msamaha, na ndiyo sababu nimekaa kuandika majibu haya.

Tangu hapo daftari lina safu inayosema: katika hisa zilizouzwa mwezi huu, ngapi tulinunua sisi? Tukizidi moja ya kumi, kasi ya mwezi huo haihesabiki. Na dalali hupewa kikomo cha bei kila mara.

Kampuni ndogo ni ipi?

Zidisha idadi ya hisa zote kwa bei ya hisa moja, upate thamani ya kampuni sokoni. Zipange kaunta kwa thamani hiyo. Zile za chini ndizo ndogo. Soko lina pia dirisha la kampuni zinazokua, EGM, lililoanza 2013, na Maendeleo Bank ndiyo iliyotangulia kuingia humo. Ila kuna kampuni za soko kuu ambazo hisa zake huuzwa kwa nadra vilevile, maana wamiliki wachache wameshika karibu zote na hawauzi. Kwa kazi yetu hii, wingi wa mauzo unaeleza zaidi kuliko jina la dirisha.

Kijana wangu ana programu ya simu inayoonyesha RSI. Inafaa?

RSI ni kipimo kingine cha kasi ya bei, kilichotungwa na Welles Wilder mwaka 1978. Kwa kawaida hutazama siku 14 za soko, inalinganisha wastani wa mapando na wastani wa maporomoko, na kutoa namba kati ya 0 na 100. Juu ya 70 wanasema imenunuliwa kupita kiasi, chini ya 30 imeuzwa kupita kiasi.

Kwenye hisa inayouzwa kila siku kwa wingi, itazame ukipenda. Kwenye kaunta ndogo inaharibika. Ikiwa ndani ya siku 14 hisa ilibadilika bei mara moja tu, kwa kupanda, hakuna poromoko lolote la kulinganisha nalo, na RSI inaweza kuruka mpaka 100. Mtu mmoja kanunua hisa 50, na simu ya kijana inawaka nyekundu.

Bei imeshuka baada ya kampuni kutoa gawio. Kasi imekufa?

Hapana. Hisa ikiwa 600 na kampuni ikagawa shilingi 40 kwa kila hisa, mnunuzi anayekuja baada ya tarehe ya kufunga daftari la wanahisa hatapata hiyo 40, kwa hiyo ni kawaida bei ikasogea kuelekea 560. Ukipima bei tu unapata hasi asilimia 6.7. Rudisha gawio ndani ya hesabu: 560 na 40 ni 600, kasi ni sifuri. Kwa kampuni iliyoorodheshwa gawio hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, kwa hiyo mkononi unapata 38. Ukitaka faida yako halisi tumia 38. Ukilinganisha hisa na hisa tumia 40 kwa zote.

Hisa zikigawanywa, mfano kila moja ikawa kumi, gawanya bei zote za zamani kwa kumi kabla ya kupima. Kampuni ikiwauzia wanahisa hisa mpya kwa bei ya punguzo, mwombe dalali bei za zamani zilizorekebishwa.

Kuna haja ya kulinganisha na soko zima?

Ipo. Hisa imepanda asilimia 24 na kielelezo cha soko, yaani namba inayojumlisha mwendo wa bei za soko zima, kimepanda 18 katika miezi ileile: yake yenyewe ni 6. Maji yakijaa bandarini hapo Mtwara, kila chombo kinapanda. Angalizo moja: kielelezo cha soko letu kinaelemea kampuni kubwa chache, hasa mabenki na bia. Kama hisa yako ni ya kampuni ndogo ya sekta nyingine, ilinganishe pia na wastani wa kaunta ndogo unaoutengeneza mwenyewe.

Hisa mbili zimepanda asilimia 40 kwa mwaka. Nichague ipi?

Hesabu miezi. Moja imepanda miezi tisa kati ya 12, kidogo kidogo, huku mauzo yakiongezeka. Nyingine ilikaa palepale miezi 11 ikaruka mwezi mmoja. Mimi naamini ya kwanza, kwa sababu watu wengi tofauti, siku tofauti, wamekubali kulipa zaidi. Ya pili naitafutia sababu: tangazo la faida, mwanahisa mkubwa mpya, au mtu mmoja mwenye haraka. Nisipoipata sababu, naiacha ipite.

Kasi ikiwa nzuri, bado nisome hesabu za kampuni?

Soma. Kasi inaweza kugeuka kwa ukali. Marekani, kati ya Machi na Mei 2009, hisa zilizokuwa zimeanguka kuliko zote zilipanda kwa asilimia 163, na zilizokuwa zikiongoza zikapanda asilimia 8 tu, kama Kent Daniel na Tobias Moskowitz walivyoonyesha. Aliyekuwa ameshika "zenye kasi" aliachwa mbali.

Huku kwetu tunajua pia jinsi matumaini yanavyoweza kuitangulia kazi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika 2015. Katikati hapo mtu angeweza kununua kiwanja kwa bei ya ndoto mara tatu. Kwa hisa, nauliza: mapato ya kampuni yanapanda pamoja na bei? Fedha taslimu kutokana na shughuli zake ni chanya? Bei ikienda juu miaka miwili huku mapato yakishuka, sitaki kuwa wa mwisho kununua.

Malipo ya korosho yameingia. Ninunue yote mara moja?

Kwenye kaunta kubwa hilo ni suala la mipango yako. Kwenye kaunta ndogo, usifanye hivyo. Tazama wastani wa mauzo ya siku, nunua sehemu ndogo yake, kwa kikomo cha bei, na uwe tayari kungoja mpaka msimu wa ufuta wa Juni. Fedha ya kupuliza salfa kwenye mikorosho na ya mahitaji ya shule isiingie humo kabisa, kwa sababu umeshaona wiki tisa ni nini.

Tutumie basi orodha ya hisa za kununua.

Hilo silifanyi. Ushauri wa uwekezaji ni kazi ya wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mtafute dalali mwenye leseni.

Sisi tuko Nachingwea, hatuna kompyuta. Tuanzeje?

Daftari kubwa na kalkuleta ya simu vinatosha. Ripoti za soko za kila siku zinapatikana kwenye tovuti ya soko, na dalali wenu anaweza kuwatumia kwa WhatsApp. Kila kaunta ipewe ukurasa wake. Kila mwisho wa mwezi andikeni siku ilizouzwa, idadi ya hisa, thamani ya mauzo, bei ya wastani, bei ya mnunuzi wa juu na ya muuzaji wa chini, gawio kama lipo, na hisa mlizonunua nyinyi. Safu ya kasi iwe ya mwisho kulia, na msiijaze mpaka miezi sita itimie. Mwezi ambao hisa haikuuzwa kabisa, msinakili bei ya mwezi uliopita. Acheni wazi.